Ngambo ya Tunnel ni Uganda

Bwana yangu anaingiaka mu tunnel tuko Bruxelles, anatokea ngambo tuko Uganda. Cheka tu. Mi pia nilicheka mara ya kwanza, juu nilikuwa sijaelewa.

Ilikuwa siku ya Mungu, Jumapili, tunatoka ku soko ya Midi. Yeye ku volant anaendesha, mi pembeni na nyanya ku magoti, juu nyanya ya Midi ukiitupa nyuma ya motokari inafika nyumbani imeshakuwa sauce. Tukaingia mu ule tunnel murefu wa kuenda ku Basilique, tukapita na batu bote, muzuri, mukono ya kuume, vile sheria ya huku inasema na vile ya kwetu Kongo inasema pia. Tukatoka ku mwangaza, tukazunguka parc, tukakata mu kabarabara ka kwetu, Koekelberg. Na pale bwana yangu, polepole, bila kelele, na clignotant hata, ile taa ya kugeukia, akahama. Akaacha kuume, akaenda kushoto. Akatulia kule kushoto sawa papa mwenye kufika ku kiti yake ya kila siku mu kanisa.

"Papa, uko kushoto," nikamuambia bwana yangu.

"Najua."

"Papa, kuko motokari inakuja mbele!"

"Ni yeye njo anakosa. Hawa batu ba Kisoro, permi banainunuaka."

Motokari ya mbele ikapiga honi, ikapanda ku trottoir, kwenye batu banatembeaka na miguu. Nikamuona munamuke mwenye alikuwa ndani, kinywa wazi, analia, kiyoo inazuia sauti. Mi nikacheka. Bwana yangu ni muntu wa michezo, nilimukubali juu ya ile michezo, nikazania muzee anataka kunitisha kidogo. Akapaki vizuri, bila kugusa motokari ya muntu, akazima, akasugua mikono.

"Kisoro kunakuwaka baridi, maman," akasema. "Ungevaa pull."

Pale njo kicheko ilinikauka ku meno.

Juu muelewe, lazima niseme kazi yake. Alikuwaka shofere ya kamio, ile lori kubwa. Anabeba kahawa Goma, anaipeleka Kampala, mara ingine mpaka Mombasa, anarudi na sabuni na mabati. Kwenye unatoka Kongo unaingia Uganda, kule Bunagana, kabla ya kufika Kisoro, kulikuwaka barrière: mti tu, mti wenye kulala ku njia, na jiwe ya kufungwa ku mwisho. Ngambo hii unaendesha kuume. Banainua mti, unapita, na ngambo ile unaendesha kushoto, juu ba-Uganda walifundishwaka na Bangereza. Alikuwa ananielezea, bado tuko bajeune: "Pale hauweze kufikiria, maman. Ukifikiria, umekufa. Mikono yenyewe njo inapaswa kujua kama tumevuka." Bashofere benye walikuwaka banafikiria, kamio yao ilikuwa inarudi juu ya kamio ingine.

Donc mikono ilijua. Sasa kichwa imeanza kusahau, na mikono haijaambiwa kitu, inaendelea na kazi. Giza ya tunnel, kisha mwangaza: bon, mti umeinuliwa, hama kushoto.

Siyo kila siku. Ingekuwa kila siku, mi singekuwa hapa nakuelezea. Siku mingi anatoka mu tunnel bado Mubelgiji. Lakini ile siku yenye anatoka mu-Uganda, haikutumie barua mbele.

Nikamupeleka kwa docteur. Mutoto mwanamuke, muzuri, nywele ya kufunga na kalamu. Juu Français yangu ni ya soko, yeye anazania mi ni kiziwi. "Ma-dame. Mon-sieur. Ne peut. Plus. Con-duire." Na anashika volant ya hewa, hivi, kisha anafanya na kidole: non, non, non. Bwana yangu akamuangalia, akanigeukia mu Swahili:

"Huyu mutoto anatafuta kazi ya convoyeur?"

Convoyeur ni ule mwenye anakaaka pembeni ya shofere mu kamio, anachunga mizigo, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu ku kilima. Nikamukanyaga ku mguu.

Docteur akamuuliza maneno. Leo ni siku gani? Akasema siku ya docteur. Jina ya mufalme? Akataja ule mwenye alishakufaka. Docteur akaandika. Lakini ku mambo ya njia, hakuna mwenye angemupita. Feu nyekundu, ile taa ya njia? "On s'arrête," unasimama. Muntu anataka kuvuka? "On s'arrête, docteur, et on dit bonjour," unasimama na unamusalimia. Docteur akacheka kidogo. Kisha akamuelezea na sauti ya kubembeleza, sawa anafunika mutoto, kama bugonjwa yake haimuruhusu tena kuendesha, na kama sheria inataka yeye mwenyewe abebe permi yake ya kuendesha, aipeleke ku commune, ile ofisi ya serikali ya mutaa. Bwana yangu akasema oui docteur, merci docteur, akamupa mukono, akamuuliza kama bazazi bake bangali na afya.

"Na we, docteur," nikamuambia, "hauweze kuipeleka we mwenyewe?"

"Ah non, madame. Secret médical. Je l'ai dit à monsieur. C'est à monsieur de le faire." Ni siri ya mugonjwa, anasema, bwana mwenyewe njo anapaswa kuipeleka.

"Umemuambia."

"Oui, madame."

"Umeambia muntu mwenye anasahauka kila kitu kama asisahau."

Alikuwa na huruma, nisimusemee mubaya, macho yalimubadilika. "C'est comme ça, madame." Huku Bulaya kila kitu ni comme ça, njo vile iko. Tukafika ku ascenseur, bwana yangu akaniuliza: "Tulikuja kuona nani hapa?" Tukashuka. Akafungua motokari, akanifungulia mlango vile anafanyaka tangu zamani, akangoja nivute pagne, kitenge yangu, ndani isibanwe. Nikaingia. Ningefanya nini? Mi sijue kuendesha. Mi sijue kusoma hata jina ya tram. Nimuache aende yeye peke?

Binti yetu iko Liège, ni infirmière, anatunza bagonjwa, ku simu anasemaka sawa anapiga muntu sindano: "Maman! Cache la clé! C'est tout! Papa atatafuta, hatapata, atasahau, fini!" Kwake kila kitu ni fini, imeisha. Bon, nikaificha funguo. Nikaizika mu unga ya fufu, chini kabisa.

Sasa sikia bugonjwa vile iko na akili. Bwana yangu anasahau jina ya binti yake. Anasahau kama amekula, mukono ingali na mafuta ya samaki. Lakini funguo, hapana. Akatafuta chini ya matelas ya kitanda, akatafuta mu viatu, akafungua frigo akaondoa vyote akapanga chini sawa duka. Hakukasirika. Angekasirika, mi najua kukasirika, tungepigana na maneno mpaka jua ishuke. Alikaa ku kitanda na koti yake, akaniambia polepole:

"Mizigo inaoza, maman. Tajiri atanifukuza. Tutapatia batoto nini?"

Batoto! Batoto benyewe bameshaota imvi. Lakini machozi ilikuwa inashuka ya kweli, bila sauti, anapanguza pua na mukono ya koti sawa mwanafunzi. Nikaingiza mukono mu unga. Akapokea funguo, akaipuliza, unga ikamurukia ku ndevu.

"Iliingiaje mule?"

"Ni panya, papa."

Binti yangu kusikia ile: "Maman! T'es pas possible!" Ni kweli. Siko possible, mi siwezekane.

Kutoka pale mi nikakuwa convoyeur wake. Akishika koti, na mi nashika yangu. Anaenda kununua mukate, tunaenda kununua mukate. Anaenda kuangalia tu kama moteur inalia vizuri, tunaenda kusikia moteur. Tukikaribia kutoka mu tunnel, mi naanza kumuimbia ku sikio: "Papa, barrière bado. Tuko Kongo. Kuume, kuume, tuko Kongo." Na yeye: "Najua, maman, unanisumbua juu ya nini?" Lakini mikono ilikuwa inasikia. Hivyo tukaishi. Kila mara tukifika na nikiona mlango ya nyumba yetu, nashukuru Mungu, na kumoyo najua kama nimeshukuru juu ya leo tu.

Njo nikaita bapapa ba kanisa. Kwetu munamuke hamunyanganye bwana kitu mu mukono. Banaume njo banakujaka kusema na mwanaume mwenzao. Bakakuja bawili: pasteur, mwenye anaishi Saint-Gilles, na papa wa chorale, ile kwaya yetu, ule munene, sauti yake inatokaka mu tumbo sawa ngoma. Nikapika sombe, nikapika samaki, nikatoa masahani yenye nafichaka. Bakakula. Pasteur akapanguza kinywa, akaanza mbali, kule ku bustani ya Edeni.

"Ndu-gu yangu. Mungu alimupatia mwanadamu nini? Kabla ya magurudumu. Alimupatia nini?"

"Miguu," papa wa chorale akajibu kule chini.

"Mi-guu! Na kuko wakati. Ndugu yangu. Wakati ya kuendesha. Na wakati ya nini?"

"Ya kuendeshwa."

"Ni kweli kabisa, pasteur," bwana yangu akasema. Alikuwa amekaa muzuri, anasikiliza na kichwa upande. "Muzee mwenye kichwa haitembee hapaswe kugusa volant. Anaweza kuua mutoto wa muntu. Mi nashangaaka vile serikali ya huku inabaacha tu banazunguka."

"Amen!"

"Banapaswa kubanyanganya funguo."

"Amen, papa, amen!" Na wote bawili bakaniangalia na furaha, sawa batu benye kumaliza kuvuta mbuzi ku mto. Pasteur akasimama, tukaomba. Alishukuru juu ya hekima ya ndugu yake, alishukuru juu ya samaki, alipita mu familia yote, aliombea hata ba-Belgique. Mi nilikuwa nimefunga macho kweli. Nilikuwa nimeamini.

Tukifungua macho, bwana yangu alikuwa pale ku mlango na koti na kofia. Funguo iko mu mukono.

"Bon," akasema, "nabasindikiza."

We mwenye hauko wa kwetu, sikia. Mugeni hatokake yeye peke. Unamusindikiza, unatembea naye mpaka ku njia, mpaka ku kilima, munaongea ile maneno yenye haikusemwa mu nyumba. Mugeni mwenye anakatala kusindikizwa ni kama amesema: chakula yako ilikuwa na sumu.

"Papa, acha," pasteur akasema, "métro iko hapa tu."

"Pasteur atoke kwangu na métro? Na mvua hii? Nimekukosea nini, pasteur?"

Pasteur akaniangalia. Mi nikaangalia papa wa chorale. Papa wa chorale akaangalia viatu yake. Batu batatu bazima, na Biblia, na hakuna mwenye alipata neno mu Swahili ya kukatala. Mu Français kungekuwa, juu Français iko na non kila mahali sawa miiba ya samaki. Mu Swahili pasteur alisema: "Basi... haya, ndugu yangu. Aksanti." Nikabeba koti yangu mbio.

Chini ku motokari nikashika mlango ya mbele. Bwana yangu akashangaa na mi.

"Maman! Pasteur akae nyuma?"

"Papa, mi naumwa mguu, nikae..."

"Aaah, maman." Na sauti ya haya, sawa ile ya mutoto mwenye mama yake anacheza vibaya mbele ya bageni.

Pasteur akakaa mbele, ku kiti yangu. Mi nikaingia nyuma pembeni ya papa wa chorale, mwenye alijaza nafasi yote, nikabaki nimebanwa ku kiyoo sawa stamp. Kinywa yangu iko mbali na sikio ya bwana yangu. Tukaondoka. Aliendesha, nakuapia, vizuri kupita batu bote ba Bruxelles. Anaacha batu bavuke. Anaonyesha pasteur manyumba ya njiani: huyu ni Mureno, huyu ni wa Maroc, anauza zeituni muzuri. Pasteur akaanza kulegea. Akageuza kichwa kwetu nyuma, akanitupia jicho: mais anaendesha vizuri, maman!

Tukaingia mu tunnel.

"Papa," nikasema kutoka kule nyuma, "barrière bado. Tuko Kongo."

"Maman anasema nini?" pasteur akauliza.

"Anaomba," papa wa chorale akasema, na yeye akaanza kuimba, juu akisikia muntu anaomba hawezake kunyamaza. Ile sauti ikajaza motokari, bass yote. Mi napiga kelele "kuume, kuume," yeye anaimba "Yeruuusalema," na pasteur anapiga mikono. Tukatoka ku mwangaza. Mvua. Tukakata upande ya Saint-Gilles, mu kabarabara kenye kupanda, manyumba marefu ngambo zote, motokari za kupaki huku na kule, na mi naona bega ya kushoto ya bwana yangu inashuka kidogo. Clignotant: tak, tak, tak. Akahama.

Kule juu, akikuja mbele yetu mu mvua, ilikuwa mama na ile kinga ya huku, baiskeli ya sanduku mbele. Munaijua: sanduku ya mbao, juu yake plastiki, na mu plastiki batoto bamepangwa sawa mikate. Bawili. Anashuka na kilima, bila haraka, ku upande wake, upande wenye sheria ilimupatia.

Pasteur alisema "Yesu" mara moja tu, ndogo, bila kurefusha. Papa wa chorale alinishika goti. "Papa!" nikalia. "Papa, kuume!" Yeye mu kiyoo kidogo cha juu anacheka na mi: "Nyamaza, maman, hii njia naijua." Na kweli alikuwa anaijua. Ni njia ya Kisoro.

Sasa kuko sauti moja yenye ilikuwaka mu nyumba yetu. Akirudi safari, bwana yangu alikuwa anatufanyia askari wa Bunagana, ngambo ya Uganda, ule mwenye tumbo, mwenye alikuwa anapiga bashofere na fimbo ku mikono. Anatembea mu nyumba na kofia yangu ya kanisa, anatuuliza bitambulisho, mi namufuata nyuma, namufanya askari na mi pia, batoto banacheka mpaka banakojoa. Mi nilikuwa sijaitoa ile sauti tangu tufike Bulaya. Ilitoka yenyewe.

"WEWE MUKONGO! Simamisha gari! Simamisha hapo hapo! Mupaka imefungwa!"

Alikanyaga frein na miguu yote mbili. Pasteur akaenda mbele akarudi. Kinga ikapita pembeni ya kiyoo yangu, karibu hivi, ile mama anayumba na anatusema mu Kiflamand maneno yenye sihitaji kutafsiriwa, na mu plastiki nikaona mutoto ananiangalia na anakula biscuit. Hakuacha hata kutafuna.

Nilikuwa nataka kunyamaza. Lakini bwana yangu alikuwa angali na mukono ku vitesse, ile gia, na moteur inalia.

"Zima gari."

"Ndiyo, afande."

"Lete funguo."

Akaitoa. Hakugeuka, juu askari wa mupaka haumuangaliake ku macho. Akaipitisha juu ya bega, na mikono mbili, kichwa chini. Na nyuma ya shingo yake nikaona vile nywele imekuwa kidogo, na vile shingo ilikuwa inangoja fimbo.

"Afande," akasema, "nisamehe. Ni mizigo ya tajiri, siyo yangu. Niko na bibi na batoto kule ngambo. Usinipige."

Nilikuwa nataka kumuambia: papa, ni mi, ni bibi yako, niko hapa nyuma yako. Ilikuwa inanifika ku ulimi. Lakini kama ningesema ile na sauti yangu, angegeuka na kucheka, angenyoosha mukono: maman, lete basi funguo, tunasimamisha batu. Na mi ningemupa. Najijua. Nikakaza funguo mu ngumi mpaka ikanikata, nikasema na ile tumbo ya askari:

"Kaa kimya, mukongo. Toka, kaa nyuma."

Papa wa chorale ana permi. Yeye njo alirudisha motokari, haimbe tena. Tulimuambia pasteur tumufikishe kwake, akakatala. "Mi nitaenda na miguu, ndugu zangu. Bwana Yesu atanisindikiza." Akashuka na kilima mu mvua bila kofia. Sasa alikuwa amepata vile banakatalaka.

Bwana yangu alikuwa amekaa pembeni yangu nyuma, mikono juu ya magoti. Kisha kidogo akanigeukia, akanitambua, akafurahi sana.

"Maman! Ulipita wapi? Hawakukufanya kitu?"

"Hapana, papa."

"Bamebeba funguo." Alisema na sauti ya chini, papa wa chorale asisikie. "Ni ule askari munene. Leo ameniaibisha mbele ya pasteur."

Binti yetu alikuja kutoka Liège, akabeba funguo zote mbili, hata ile ya akiba, akanikumbatia. "Bravo, maman. Voilà. Fini." Permi pia akaipeleka ku commune, na ile kazi ikamalizika. Barabara ya Saint-Gilles sasa iko salama, batoto ba sanduku banaweza kula biscuit yao. Bote banasema nilifanya vizuri. Pasteur alinitaja hata mu kanisa, hekima ya bibi, mi naangalia chini.

Mais mi njo nabaki na yeye mu nyumba. Ile yote mingine anaisahau, ile siku amekataa kuisahau. Anasimama ku dirisha, anaangalia motokari kule chini vile inalowa. Motokari za bengine zinakuja, muntu anafungua kiyoo, anamuonyesha na mukono: vous partez, munatoka? Juu huku Bruxelles parking ni dini. Na bwana yangu anabajibu kutoka juu, na adabu: "Non, monsieur. La frontière est fermée," mupaka imefungwa. Yule anaangalia kushoto, anaangalia kuume, anaenda.

Kisha ananigeukia. "Maman. We unajua kusema na batu. Nenda uniombee."

Mara ya kwanza nilimuambia, papa, hakuna askari, ni mi nilifanya ile sauti. Nikamufanyia hata kidogo, nikizania tutacheka sawa zamani. Akajificha uso na mikono. Njo siifanyake tena.

Donc naenda. Navaa pagne, navaa koti, nashuka ngazi. Nasimama kule chini pembeni ya masanduku ya barua, mu ile baridi ya carrelage chini ya miguu, siombe muntu yeyote. Jirani wa juu anapita na mbwa: "Vous attendez quelqu'un, madame?" Ile sauti yake ya pua. Namuambia oui, nangoja muntu. Kisha napanda tena, namukuta amesimama ku mlango.

"Amesema nini?"

"Amekatala, papa."

"Ulimupigia magoti?"

"Nilipiga."

"Pole, maman. Haiko kosa yako. Ule ni muntu mubaya." Na anachukua koti yangu, anaitundika, ananisugua mikono juu ya baridi yenye nimetoka nayo. Mi naacha anisugue.

Jana alikuwa na wazo. Alitoka mu cuisine na machungwa, kubwa, ameichagua, ameipanguza na shati.

"Mupe hii. Njaa njo inabafanya bakali. Usimuombe kitu leo. Mupe tu, umuulize habari ya batoto bake."

Nikashuka na machungwa. Nikasimama pale ku masanduku ya barua. Kuirudisha juu, nitamuambia nini? Kuitupa, siweze kutupa chakula ya muntu mwenye ameipanguza na shati yake. Nikaimenya, nikaila. Ilikuwa tamu, na hiyo pia ilinikera. Maganda nikaweka mu mufuko ya koti. Nikapanda.

"Aliipokea?"

"Aliipokea, papa."

"Aliila mbele yako?"

"Mbele yangu."

"Yote?"

"Yote."

Akafunga macho, akashusha mabega, sawa muntu mwenye kutua mufuko ya kahawa. Kisha akaenda kutafuta viatu yake ya safari, akaivaa bila kuniomba nimufungie kamba, akavuta kiti mpaka pembeni ya mlango, akakaa na kofia ku magoti.

"Keti na we, maman," akasema. "Sasa haitakawia."

Nikaketi.